Barua kutoka Maine: Majivu ndani ya bomba



Nawaandikia ninyi wasomaji wa nyumbani kutoka Maine, pembe ya kaskazini-mashariki ya Marekani, ambako baridi hubisha hodi Oktoba na haiagi mpaka Aprili iishe. Wengi wenu mna jamaa huku. Miji ya Portland na Lewiston imepokea watu wengi kutoka Kongo, Burundi na Rwanda, na Kiswahili si lugha ngeni tena kwenye madarasa ya shule na vyumba vya kusubiria hospitalini. Mnapowapigia simu mwezi wa Januari, huwauliza habari za theluji. Leo nawaomba muwaulize pia habari za bomba la moshi. Nitaeleza kwa nini, tena kwa kirefu, kwa sababu jambo hili linagusa uhai wa watu na ni nadra kuelezwa kwa lugha yetu.

Kwanza chombo chenyewe. Nyumba nyingi za Maine hupashwa joto kwa mafuta, na bei ya mafuta ikipanda watu hutazama msitu, maana jimbo hili karibu lote ni miti. Hapo ndipo linapoingia jiko la peleti. Halipikiwi, kazi yake ni kuipasha nyumba joto. Peleti ni punje za unga wa mbao ulioshindiliwa, nene milimita 6 hivi, na kinachozishikanisha ni lignini ya mti wenyewe, bila gundi. Huuzwa katika mifuko ya kilo 18, mifuko 50 kwa tani, na nyumba moja kumaliza tani 3 katika msimu ni jambo la kawaida. Majiko ya namna hii ya majumbani yalianza katika jimbo la Washington mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa kazi ya mhandisi wa ndege Jerry Whitfield, na mkono wa mhandisi unaonekana hadi leo: peleti huteremka kutoka kwenye tangi, parafujo ndefu inayozungushwa na mota huzisukuma kidogo kidogo hadi kwenye kikombe cha moto, feni moja huvuta hewa ya kuchochea mwali na kutoa moshi, na feni ya pili hupuliza joto chumbani. Mwenye nyumba hubonyeza kitufe tu. Kuni hazipasuliwi, chumba hakinuki moshi, na majivu ni machache.

Sifa hizo ni za kweli, nami sina nia ya kumtisha mtu aliyenunua jiko hili. Lakini usafi wake wote umewekwa rehani kwenye bomba moja jembamba linalotoboa ukuta na kutoka nje, na bomba hilo halionekani, halinuki wala halilalamiki mpaka limeelekea kuziba. Kwa hiyo ninashikilia kwamba kulisafisha si usafi wa nyumba wa kufanywa nafasi ikipatikana. Ni sehemu ya kuwasha moto. Anayelala karibu na moto huo ndiye anayepaswa kuielewa kazi hiyo, hata kama mkono utakaoifanya ni wa fundi.

Tuanze na namna moshi unavyotoka, kwa sababu hapa ndipo jiko la peleti lilipoachana na dohani ya kuni. Katika dohani ya zamani moshi hupanda wenyewe kwa kuwa ni wa moto na mwepesi, na katika kupanda kwake huivuta hewa ya chumbani iufuate. Dohani hiyo ikiwa na ufa mdogo, mara nyingi hewa ya chumba ndiyo inayoingia kwenye ufa. Jiko la peleti limegeuza mambo. Feni yake imekaa kati ya moto na bomba: upande wa moto inavuta, upande wa bomba inasukuma. Maana yake ni kwamba moshi ulio ndani ya bomba uko chini ya mgandamizo na unatafuta pa kutokea. Ndiyo maana viungo vya bomba hili hutakiwa kuzibwa kwa silikoni inayostahimili joto kali, na bomba lenyewe huwa na kuta mbili, ya ndani ya chuma kisichoshika kutu. Njia ikiwa wazi, moshi huenda nje. Njia ikisongwa na majivu, feni haijui. Inaendelea kusukuma, na moshi hupenya kwenye kila kiungo kilicholegea, hadi sebuleni.

Sasa hesabu. Mabomba mengi ya majumbani yana kipenyo cha ndani cha inchi 3, yaani milimita 76. Chukua utando wa majivu wenye unene wa punje moja tu ya peleti, milimita 6, uliojipaka ndani pande zote. Kipenyo kimebaki milimita 64, na uwazi wa kupitishia moshi umepungua kwa karibu asilimia 30. Ubaya haukomei hapo. Upinzani wa hewa inayosukumwa kwa kasi ndani ya bomba hupanda haraka sana kipenyo kinapopungua, kiasi kwamba kupitisha hewa ileile katika bomba hilo lililopungua kunahitaji msukumo wa zaidi ya mara mbili. Feni ndogo ya jiko haina nguvu hizo. Basi hewa inayofika kwenye moto hupungua, moto hauwaki vizuri, na moto usiowaka vizuri hutoa masizi mengi zaidi, ambayo nayo huenda kunata kwenye bomba lilelile. Uchafu unajizalia uchafu.

Mtu atasema: lakini peleti nzuri zina majivu kidogo mno. Ni kweli. Peleti za daraja la juu hapa Marekani haziruhusiwi kuzidi asilimia 1 ya majivu, na nyingi ziko chini ya hapo. Lakini pima kwa msimu, usipime kwa mfuko. Tani ya Marekani ni kilo 907. Hata majivu yakiwa nusu ya asilimia 1, tani 3 zitaacha zaidi ya kilo 13. Sehemu kubwa huangukia kwenye trei na humwagwa, lakini yaliyo mepesi kabisa hubebwa na upepo wa feni na kuingia bombani. Hayo hayatui popote tu. Hutua mahali upepo unapogeuka au kupoteza kasi: kwenye elbo, kwenye kipande kinacholala usawa ukutani, na zaidi ya yote kwenye tii, kiungo chenye umbo la herufi T kilicho nyuma ya jiko, ambapo moshi hupinda kwenda juu na majivu huanguka chini. Watengenezaji wanalijua hili. Miongozo yao huhesabu elbo moja ya nyuzi 90 kuwa sawa na futi 5 za bomba, na tii ina kifuniko chini yake kwa ajili ya kufunguliwa na kusafishwa. Kifuniko hicho hakikuwekwa kuwa pambo.

Aliyewahi kuwasha taa ya chemli anaijua dalili ya kwanza ya hali hii. Matundu ya hewa yakiziba, mwali hurefuka, huwa mwekundu wenye ncha ya moshi, na kioo huingia weusi. Jiko la peleti husema maneno yaleyale. Mwali wenye afya ni mfupi, mkali, wa manjano inayokaribia weupe. Ukiuona umelegea, wa rangi ya chungwa iliyokolea, na kioo kinachafuka siku ileile uliyokifuta, na majivu yamekuwa meusi badala ya kijivu, hewa haipiti inavyotakiwa. Inawezekana kosa liko kwenye kikombe cha moto au gasketi ya mlango. Lakini bomba lisitolewe shakani mpaka lifunguliwe na kuangaliwa.

Kwa nini nasema ni suala la uhai? Kwa sababu moto ulionyimwa hewa huzalisha kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, inayoshikana na himoglobini ya damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. CDC, taasisi ya serikali ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, inaeleza kwamba zaidi ya Wamarekani 400 hufa kila mwaka kwa sumu hii bila kukusudia, mbali na wale wanaokufa nyumba zinapoungua. Vifo hivyo vina vyanzo vingi, kuanzia jenereta hadi magari, na sitaki kuvitupia vyote kwa majiko ya peleti. Ninachosisitiza ni dalili zake: kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, uchovu. Katikati ya majira ya baridi, nyumba nzima ikiwa na hali hiyo, kila mtu atasema ni mafua. Mama atawafunika watoto blanketi na kuongeza moto. Ishara ya kuikumbuka ni hii: wote wameugua kwa pamoja, na wakitoka nje wanapata nafuu. Hapo si dawa inayohitajika. Ni kutoka nje mara moja na kupiga simu ya dharura, 911.

Nyumbani hatuhitaji kufundishwa kwamba moto wa ndani huua. Kila msimu wa baridi, kuanzia Limuru hadi Njombe, husikika habari ya familia iliyolala na jiko la mkaa chumbani na haikuamka. Tofauti ni kwamba moshi wa kuni umetufundisha kutegemea macho na pua: macho yakiwasha, tunafungua dirisha. Jiko la peleti limeziondoa ishara hizo karibu zote. Mtu aliyekulia kwenye mafiga akifika Lewiston na kukuta moto nyuma ya kioo, usiowasha macho, ana kila sababu ya kuamini kwamba hatari imeachwa nyuma. Simlaumu hata kidogo. Namlaumu aliyemkabidhi funguo za nyumba asimwonyeshe kifuniko cha tii.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi: majiko haya yana vihisio. Kuna swichi inayopima mvuto wa hewa katika chumba cha moto. Mvuto ukipungua mno, parafujo husimama, peleti haziteremki, moto unazimika wenyewe. Ni ulinzi mzuri na umeokoa wengi. Lakini uangalie unavyofanya kazi. Swichi hiyo haipimi majivu. Inapima mvuto, na hukata pale tu mvuto unaposhuka chini ya kiwango kilichowekwa. Kabla ya kufika hapo jiko linaweza kuwaka vibaya kwa muda mrefu bila kuzimika. Tena, swichi huunganishwa kwa mpira mwembamba ambao wenyewe huweza kuzibwa na majivu. Na lipo la kusikitisha zaidi: jiko likizimika-zimika usiku wa baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri, wapo wanaoshauriana kuirukisha swichi hiyo kwa kipande cha waya ili moto uendelee. Nawasihi kwa dhati, asifanye hivyo mtu yeyote. Swichi inayokata mara kwa mara si lazima iwe imeharibika. Huenda inasema bomba limeziba, na waya ule unamziba mdomo mlinzi wa mwisho.

Kengele ya kaboni monoksaidi je? Iwepo, tena karibu na vyumba vya kulala, na betri zake zijaribiwe. Sheria ya Maine inamtaka mwenye nyumba ya kupangisha aiweke. Lakini kengele inalia hewa mbaya ikiwa tayari imeingia. Inaokoa watu; haisafishi bomba. Isitoshe, Maine ni nchi ya dhoruba. Ile ya barafu ya Januari 1998 iliacha takribani nusu ya wakazi bila umeme, wengine kwa majuma. Umeme unapokatika, feni ya jiko husimama papo hapo huku peleti kwenye kikombe zikiendelea kufuka. Wakati huo tegemeo pekee la moshi ni kupanda wenyewe kupitia bomba, na ndiyo sababu mafundi wazuri hupenda bomba liwe na kimo fulani cha wima hata pale ambapo lingeweza kutoka ukutani moja kwa moja. Bomba safi lenye kimo litautoa moshi huo polepole. Lililojaa litaurudisha chumbani.

Kuhusu kazi yenyewe, wapo wanaosema yote haya yamekwisha kwa mashine ya kunyonyea majani makavu bustanini: unaifunga kwenye mwisho wa bomba kule nje, inavuta, wingu la kijivu linatoka, dakika chache mambo yamekwisha. Siipuuzi njia hiyo. Kwa majivu makavu yaliyolegea inafanya kazi vizuri, ilimradi ivute na isipulize, maana kupuliza kunarudisha vumbi lote ndani ya nyumba. Lakini haibandui masizi yaliyonata na kuokwa kwenye chuma. Na ikitumika jiko likiwa bado na kaa hai, kaa hilo litapewa hewa ya ghafla na kusafirishwa hadi mahali pasipotakiwa moto. Brashi ndiyo inayofikia chuma. Jiko lizimwe kwa utaratibu wake, liachwe lipoe kabisa usiku kucha, na waya wa umeme uchomolewe. Kifuniko cha tii kifunguliwe juu ya ndoo. Brashi ya nailoni yenye kipenyo cha bomba, kwenye fimbo inayopinda, ipitishwe kutoka tii kwenda juu, kisha kutoka mdomo wa nje kwenda ndani, na wavu wa mdomo huo uondolewe masizi na viota vya ndege. Kisha feni ya moshi ifunguliwe, kwa sababu mapanga yake huvaa majivu na kupoteza nguvu, na bomba safi lenye feni chafu ni kazi nusu. Mashine ya kawaida ya kufyonza vumbi isitumike: majivu haya ni laini kiasi cha kupenya kichujio chake na kurudi mapafuni, na cheche moja iliyojificha inaweza kuiwasha. Ipo ya majivu, yenye kichujio maalumu. Majivu yenyewe yawekwe kwenye chombo cha chuma chenye kifuniko, mbali na nyumba, maana kaa lililofunikwa na majivu huweza kuishi kwa siku kadhaa.

Mwisho kabisa, kiungo kilichofunguliwa kizibwe upya, jiko liwashwe, na mtu asimame hapo na tochi akiangalia kama moshi unavuja popote. Sehemu hii huachwa na wenye haraka, nami naiona ni ya lazima kuliko zote. Aliyesafisha bomba kisha akalifunga vibaya amerudisha hatari kwa mlango mwingine.

Haya ninayoyasema yana jamaa yake Afrika Mashariki. Huko Rubavu nchini Rwanda, kampuni ya Inyenyeri iliwahi kuzipa familia majiko madogo yenye feni ya kuchochea gesi ya kuni na kuziuzia peleti za kupikia. Baadaye ikafunga shughuli. Tanzania nayo, kwa mkakati wake uliozinduliwa mwaka 2024, inataka asilimia 80 ya wananchi wapikie nishati safi ifikapo mwaka 2034. Ni lengo jema na nalitakia heri kwa moyo wote, kwa sababu Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 duniani mwaka 2020. Ila ninachokiona huku kinanifanya niombe kwamba kila jiko safi litakalogawiwa, la aina yoyote, ligawiwe pamoja na maelezo ya kulitunza kwa Kiswahili, na mtu wa kuyaonyesha kwa mikono. Jiko hupimwa usafi likiwa jipya, maabara. Familia huishi nalo miaka kumi.

Limebaki pingamizi la fedha, ambalo kwa wageni ndilo zito kuliko yote. Kumwita msafisha dohani kunagharimu, na familia inayolipwa kwa saa, yenye kodi ya nyumba na watoto wa kuvisha makoti, itaona ni heri kununua mifuko zaidi ya peleti. Lakini kwa mpangaji, bili hiyo mara nyingi si yake kulipa. Jiko likiwa mali ya mwenye nyumba, sheria ya Maine inamtaka atoe makazi yanayofaa kukaliwa na binadamu, na kanuni namba 211 ya NFPA, shirika la Marekani la kinga dhidi ya moto, inataka bomba la moshi likaguliwe angalau mara moja kwa mwaka. Kwa hiyo mpangaji asiombe kama anayeomba hisani. Aandike barua au ujumbe wenye tarehe, aulize bomba lilisafishwa lini na nani, na aitunze nakala. Asiyejua Kiingereza asaidiwe na kijana wake au mtu wa kanisani au msikitini. Wanaoogopa kwamba kuuliza kutawafukuzisha wajue kwamba sheria ya jimbo ina kinga dhidi ya kumfukuza mpangaji kwa kulipiza kisasi. Mwenye nyumba yake mwenyewe naye anaweza kununua brashi na fimbo mara moja na kuzitumia miaka mingi, akimwita fundi kwa ukaguzi na kwa yale yanayomshinda.

Nao wakati wa kuita si Oktoba, ingawa ndio wakati karibu kila mtu anapokumbuka na mafundi wamejaa. Ni Mei, mara tu moto wa mwisho unapozimwa. Majivu yakiachwa bombani majira yote ya joto hunyonya unyevu wa hewa ya bahari, yakagandamana na kuanza kula chuma, na ndege nao hujenga kwenye mdomo usio na wavu. Kwa hiyo mkiwapigia jamaa zenu mwezi huo, wakati wanafurahia jua la kwanza na hakuna anayetaka kusikia habari za jiko, ndipo muwaulize.